Ukitengeneza mizani, usiguse mawe yake

Nimekuwa kimya siku kadhaa kwa sababu nilikuwa na aibu, na leo nimeamua kuitoa hadharani.

Mimi na wenzangu watatu tuna programu ndogo, ya kuandika amri tu, haina madirisha wala rangi. Unaipa faili la bei za mazao zilizotumwa kwa ujumbe wa simu kutoka kwenye magulio, nayo inakupa jedwali la bei ya wastani. Jedwali hilo tunalibandika Maganzo na kulituma kwa yeyote anayelitaka. Msimbo wake ulikuwa umevurugika, basi mwenzetu mmoja akajitolea kuupanga upya. Kazi ya namna hiyo ina sharti moja: ndani badilisha utakavyo, lakini anayetumia programu asione tofauti.

Tulikuwa na majaribio 31. Alipomaliza, 9 yakashindwa. Akayarekebisha: alichukua matokeo mapya ya programu akayaweka mahali pa yale yaliyotarajiwa zamani. Yote yakawa kijani. Mimi ndiye niliyetakiwa kukagua. Niliona kijani, nikapitisha.

Kati ya hayo 9 lilikuwapo moja la gulio lisiloleta bei. Magulio matatu yameleta 1,200, 1,300 na 1,100 kwa kilo, la nne halikuleta kitu. Jibu sahihi ni 1,200. Msimbo mpya ulihesabu ukimya kama sifuri, ukagawanya kwa nne, ukatoa 900. Jaribio lililalamika kama lilivyopaswa, nasi tukaliandika upya liseme 900 ndiyo sahihi. Wiki ile mama mmoja akaonyeshwa jedwali letu na mnunuzi, akauza kilo 200 za choroko kwa bei hiyo. Shilingi 60,000 zikaondoka hivihivi.

Hapa Mwadui mambo ya kipimo hatuyachezei. Tangu Williamson aanzishe mgodi mwaka 1940, watu wanapima almasi kwa karati, na karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Wakulima wetu wa pamba nao wanajua uchungu wa mizani iliyochezewa. Fundi akitengeneza mizani, anaihakiki kwa mawe ambayo hakuyagusa. Akichonga mawe ili yakubaliane na mizani, kila kitu kitalingana, na mkulima ataibiwa kila siku.

Tusidhani ni shida ya vijana wanne wa Shinyanga. Machi 2013, Kenya ilipokuwa ikihesabu kura, kura zilizokataliwa zilionekana nyingi ajabu kwenye mfumo. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilieleza kuwa hitilafu ya programu ilikuwa inazizidisha mara nane. Programu haikuzimika wala kulia. Iliendelea tu kutoa namba.

Wapo waliofanya vizuri. Git, programu huria aliyoianzisha Linus Torvalds Aprili 2005, ilikuwa na amri nyingi zilizoandikwa kwa skripti. Taratibu zikaandikwa upya kwa lugha ya C. Amri ya stash, kwa mfano, ilihamia C katika toleo la 2.22 la mwaka 2019. Majaribio ya Git yanaiita amri kutoka nje, kama mtumiaji, kisha yanatazama kilichotokea. Kwa hiyo jaribio halijali ndani kuna lugha gani, na lile lililoipima amri ya zamani linaweza kuihukumu mpya.

Najua mtaniambia: yapo majaribio yanayotaja majina ya vipande vya ndani, na hayo lazima yavunjike. Kweli kabisa. Ndiyo maana nasema tuyatenganishe. Ya ndani yafuate msimbo. Ya nje, yanayoshika ahadi tuliyompa mtumiaji, yasiguswe siku ya kupanga upya. Hata nafasi moja kwenye jedwali ni ahadi, maana huenda kuna mtu anayelisoma kwa programu nyingine.

Sisi sasa tumekubaliana hivi. Kwanza, kabla ya kugusa msimbo, majaribio yote yapite, na pasipo na jaribio liandikwe kwanza. Pili, badiliko moja lisiguse msimbo na jaribio la nje kwa pamoja. Tatu, kila wiki mmoja wetu ndiye mshika mawe: yeye haandiki msimbo, na jaribio la nje halibadilishwi mpaka aandikiwe sababu kwa sentensi inayoeleweka, naye akubali. Nne, jaribio lililoshindwa likikosa dawa leo, liandikwe wazi kuwa linashindwa, lisifutwe. Git wenyewe wana namna ya kuyatia alama majaribio ya aina hiyo.

Inachelewesha? Ndiyo. Kazi ya siku mbili sasa inachukua nne. Lakini mtu akiniambia hana muda, namwuliza: zile 60,000 nani alizilipa? Tulichanga, tukamrudishia mama yule. Alizipokea, akatushukuru, kisha akauliza kama bei ya wiki hii nayo tumeihesabu vizuri.

Nyie wenzangu mnaoandika programu, kwenu mawe anayashika nani?