Mtundu wa Kompyuta na Haki ya Kunakili

Biashara ya programu za kompyuta ilizaliwa pamoja na ugomvi wa kunakili. Januari 1975 jarida la Popular Electronics la Marekani lilitangaza Altair 8800, kompyuta iliyouzwa kwa vipande ambavyo mnunuzi aliviunga mwenyewe kwa lehemu. Machi mwaka huohuo watundu wa California walianza kukutana katika gereji moja ya Menlo Park, wakajiita Homebrew Computer Club. Huko Steve Wozniak aligawa bure michoro ya mashine iliyokuja kuitwa Apple I. Huko pia utepe wa karatasi wenye programu ya BASIC, kazi ya kampuni changa ya Bill Gates na Paul Allen, ulinakiliwa na kupita mkono kwa mkono. Februari 1976 Gates aliwaandikia watundu hao barua ya wazi, akilalamika kuwa wengi wao ni wezi na kuhoji ni nani atafanya kazi ya ustadi bila ujira.

Swali hilo lilikuwa la haki, na hadi leo halijapata jibu moja. Kasoro yake ni kuwatia kapu moja watu wa aina mbili: anayenakili ili auze jasho la mwenzake, na anayenakili ili ajifunze, atengeneze au atunze. Sheria nyingi za hakimiliki zimeirithi kasoro hiyo.

Tofauti ya watu hao wawili ilionekana waziwazi Yugoslavia. Mwaka 1982 Waingereza walianza kununua kompyuta ya ZX Spectrum kwa pauni 125, lakini Yugoslavia ilibana uingizaji wa bidhaa za nje, na wengi waliotaka kompyuta ya nyumbani waliipata kwa magendo. Mwaka 1983 mtundu wa hukohuko, Voja Antonić, akabuni kompyuta ambayo mtu angeiunda mezani kwake. Iliitwa Galaksija, kwa jina la jarida lililochapisha mchoro wake wote bila kuficha kitu. Ilitumia chipu ya Z80, programu yake ya msingi ilijibana ndani ya kilobaiti 4, na kwa ubanaji huo ilijua taarifa tatu tu za makosa. Watu zaidi ya 8,000 waliagiza vipande.

Programu za mashine hiyo zilihifadhiwa kwenye kaseti zilezile za muziki, kwa kuwa kompyuta za nyumbani za wakati ule ziligeuza data kuwa milio. Na kilicho sauti hurushwa hewani. Zoran Modli, mtangazaji wa Radio Beograd, alifanya hivyo katika kipindi chake cha Ventilator 202. Wasikilizaji walitahadharishwa, wakaweka kaseti na kubonyeza kitufe cha kurekodi, kisha redio ikatoa makelele ya kukereketa masikio. Mwenye kompyuta alichezesha kaseti hiyo kwenye mashine yake, akapata mchezo au programu ya kujifunzia. Baadhi ya programu hizo ziliandikwa na wasikilizaji wenyewe. Kabla ya intaneti kuingia majumbani, redio ya umma ilikuwa tayari inagawa mafaili, na hakuna mwenye duka aliyepoteza mteja, kwa kuwa duka lenyewe halikuwepo.

Wako watengenezaji walioelewa somo hilo. Desemba 1993 kampuni ya id Software iliruhusu sehemu ya kwanza ya mchezo wa Doom inakiliwe na yeyote. Aliyenogewa alilipia sehemu zilizobaki. Mwaka 1997 ikatoa na msimbo wenyewe. Ndiyo sababu Doom inachezwa hadi leo kwenye vyombo ambavyo waundaji wake hawakuviwaza, printa zikiwemo.

Mjadala uliharibika ilipokuja huduma ya mtandaoni ya Napster mwaka 1999, nyimbo za watu zikamwagwa bure kwa mamilioni, hadi mahakama zikaifanya ifungwe mwaka 2001. Mwaka huohuo Bram Cohen alitoa BitTorrent, mbinu ambayo hulikata faili vipande vidogo, kila kipande kikakaguliwa kwa alama yake, na kila anayepakua akawagawia wengine alichokwisha kupata. Njia hiyo husafirisha filamu za wizi; husafirisha pia mfumo endeshi wa Linux, ambao leseni yake inaruhusu kunakili. Kuilaumu njia badala ya shehena ni uvivu wa kufikiri.

Leo uzito umehamia kwenye jambo jingine: mnunuzi hamiliki tena alichonunua. Mchezo wa magari wa The Crew, uliotolewa na Ubisoft mwaka 2014, ulizimwa tarehe 31 Machi 2024. Hata aliyekuwa na diski yake mkononi, na aliyecheza peke yake, alifungiwa nje, kwa sababu mchezo haukuwaka bila seva ya kampuni. Kisa hicho kilizaa kampeni ya Stop Killing Games, ambayo mwaka 2025 ilivuka sahihi milioni moja katika Umoja wa Ulaya. Jimbo la California, kwa upande wake, tangu Januari 2025 linamtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali aseme wazi kwamba anachouza ni leseni. Ni hatua ya ukweli, ila haimrudishii mtu mchezo wake.

Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilionyesha kuwa asilimia 87 ya michezo ya video iliyotolewa Marekani kabla ya 2010 haiuzwi tena na wenye haki nayo. Mingi kati ya hiyo ingali hai kwa sababu watundu waliitoa kwenye chipu na diski kabla hazijaharibika. Mradi wa MAME, ulioanzishwa na Nicola Salmoria mwaka 1997, huiga mashine za zamani za kumbi za michezo ndani ya kompyuta ya kawaida. Mahakama ya rufaa ya Marekani ilikubali mwaka 2000, katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix, kwamba kuichunguza mashine ili kuunda mwigo wake kunaweza kuwa halali. Kunakili michezo yenyewe bila idhini bado ni kosa, hata pale ambapo mwenye haki hana nia ya kuiuza tena.

Afrika Mashariki inajua zaidi unakili wa aina ya kwanza, ule wa kuuza jasho la mwenzako. Kibanda kinachojaza nyimbo na filamu kwenye flashi kwa malipo kinauza kazi ya mtu mwingine, na msanii anayeumia kwanza ni wa hapohapo mtaani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya 2001 zina haki ya kumlinda. Fundi anayehamisha faili za diski iliyochoka, au anayeiwekea Linux kompyuta ya mtumba iliyoachwa solemba Windows 10 ilipokoma kuhudumiwa Oktoba 2025, ni mtu mwingine kabisa, na hastahili kuishi kwa wasiwasi.

Watunga sheria wanapozirekebisha sheria hizo, waruhusu bayana nakala ya kuhifadhi kwa mnunuzi, maktaba na makumbusho, na wamlazimishe anayezima seva aache njia ya mchezo kuendelea kuchezwa. Na msomaji mwenye diski au CD za miaka ya nyuma kabatini anaombwa azihamishe sasa, maana sumaku hufifia na CD huoza, ziwe zimeguswa au la.