Klachi Itetemekayo

Mwenye gari la zamani hulijua gari lake kwa sauti, kama mchungaji ajuavyo kikohozi cha mbuzi wake. Gari likianza kutetemeka kila liondokapo, moyo wake nao hutetemeka, maana mara moja hufikiri juu ya fedha. Leo twapenda kusema juu ya ugonjwa huo, na hasa juu ya kosa moja liwagharimulo watu wengi: kununua klachi mpya kabla ya kujua ni nini kilichoiharibu ile ya kwanza.

Kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe. Nilikuwa na gari dogo la mwaka 1989, lenye gia za mkono, nikilitumia kila siku kutoka Uthiru kwenda kazini katikati ya mji wa Nairobi. Jioni moja, katika msongamano wa kupanda Museum Hill kuelekea Westlands, liliruka-ruka kama punda akataaye mzigo. Fundi niliyemwendea hakutazama chochote. Alisema tu kwamba klachi imekwisha. Nikatoa fedha nilizoziweka kwa karo ya watoto, naye akatia sahani mpya. Majuma matatu hayakupita, mtetemeko ukarudi. Fundi wa pili alilala chini ya gari na tochi, akanionyesha oili ikidondoka pale injini inapokutana na sanduku la gia. Sili ya nyuma ya injini ilikuwa imechakaa, na oili ilikuwa imeilowesha sahani mpya kama ilivyoilowesha ile ya kale. Nikalipa mara mbili kwa ugonjwa mmoja.

Yafaa kwanza tufahamu kazi ya klachi. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma, ambalo mafundi huliita flaiwili. Sahani ya klachi, yenye kitu kigumu cha kusugua pande zote mbili, hubanwa juu ya gurudumu hilo na presha pleti. Ukikanyaga klachi, sahani huachiliwa. Ukiinua mguu, hubanwa tena, na nguvu za injini hupita mpaka kwenye magurudumu. Sahani ikishika sawasawa, gari huondoka taratibu. Lakini ikishika na kuteleza, ikishika na kuteleza, upesi upesi, ndipo gari hutetemeka.

Basi kabla ya kutoa hata shilingi moja, jiulize gari latetemeka wakati gani. Ikiwa ni wakati wa kuondoka tu, kwa gia ya kwanza au ya kurudi nyuma, na latulia ukiisha kuinua mguu, tafuta katika klachi au katika mipira inayobeba injini. Ikiwa latetemeka likienda mbio katika Waiyaki Way, tazama magurudumu. Ikiwa latetemeka limesimama bila gia, ugonjwa aghalabu ni wa injini yenyewe. Na ikiwa injini yapiga kelele lakini gari halipandi, hiyo ni klachi inayoteleza, na huenda sahani imekwisha kweli.

Sasa fungua boneti. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, uvute breki ya mkono. Mtu unayemwamini akae ndani, akanyage breki kwa nguvu, atie gia ya kwanza na kuinua klachi kidogo tu, kisha afanye vivyo hivyo kwa gia ya kurudi nyuma. Wewe simama kando. Usisimame kamwe mbele wala nyuma ya gari. Ukiona injini yainuka na kuanguka kwa kishindo, mipira imepasuka. Kuibadilisha mipira aghalabu ni rahisi kuliko kuteremsha sanduku la gia.

Baada ya hapo tazama chini. Oili nyeusi na nyembamba kwa kawaida hutoka katika injini. Ile nzito yenye harufu kali hutoka katika gia. Ni lazima sili inayovuja ibadilishwe kwanza, kwa maana sahani iliyokwisha kunywa oili haiponi kwa kuoshwa. Kama klachi yavutwa kwa waya, tazama pia kama waya huo unakwama.

Yakiwa hayo yote ni mazima, hapana budi sanduku la gia literemshwe. Hapo taka uonyeshwe flaiwili. Ikiwa na madoa ya buluu ya kuungua, au mikwaruzo, ipelekwe kwa mwenye mashine ya kukereza, kama kiwanda cha gari hilo kinaruhusu, isawazishwe. Sahani, presha pleti na beringi yafaa zibadilishwe pamoja. Uendapo kununua spea Barabara ya Kirinyaga, ambayo hapo zamani iliitwa Grogan, chukua sahani ya zamani mkononi. Linganisha upana wake na meno ya katikati. Fundi asipulize vumbi la klachi kwa hewa, maana sahani za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, iletayo ugonjwa wa mapafu. Aifute kwa kitambaa chenye maji. Wala asiishike sahani mpya kwa mikono yenye grisi.

Mwisho, tujitazame sisi madereva. Njia ya kutoka mjini kupita Westlands na Kangemi hadi Limuru ni ya kupanda, na msongamano wa jioni ni mwingi. Wengi wetu huliweka gari kilimani kwa kulishika na klachi badala ya breki ya mkono, au huacha mguu ukipumzika juu ya pedali. Mambo hayo huichoma sahani na flaiwili pamoja, na klachi mpya haitadumu miguuni mwa dereva wa namna hiyo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wangu ulikuwa sili ndogo iliyovuja, na ukuta nilioujenga ulikuwa karo ya watoto. Ndugu msomaji, fundi akikuambia klachi imekwisha, muulize kwa upole: imekwishaje? Asipoweza kukuonyesha, usifungue mfuko.