Nyonga si kosa la kuombewa radhi

Ndugu Mhariri,

Nashona nguo hapa Kamenge, na karibu kila wiki mteja hunionyesha simu: picha ya mwanamitindo mrefu, mwembamba, mwenye kiuno cha nyigu. "Fundi, nataka hivi hivi." Nikimzungushia futi, anatazama namba na kunyamaza. Juzi mama wa watoto wanne aliniomba radhi kwa sababu ya nyonga zake. Aniombe radhi mimi! Iliniuma sana.

Namba zenyewe hazina msimamo. Kwenye mitumba, yaani caguwa yetu, gauni la 38 la Ufaransa huwa 10 Uingereza na 42 Italia; mwili ni ule ule. Tena nguo hizo zilikatwa kwa vipimo vya watu wa huko, ndiyo maana nyingi huletwa kwangu nizipanue nyonga na kubana kiuno. Kasoro iko kwenye mkato, haiko kwa mvaaji.

Ufaransa kwenyewe, penye majumba makubwa ya mitindo, tangu 2017 sheria inamtaka mwanamitindo awe na cheti cha daktari, na picha ya tangazo ambayo umbo lake limepunguzwa au kuongezwa kwa kompyuta iandikwe kuwa imerekebishwa.

Nawaomba waandaaji wa maonyesho ya mitindo Bujumbura wawapandishe jukwaani wanawake wanaovaa 44 na 48 pia, na gazeti lako lichapishe picha zao. Vitenge vyao niko tayari kuvishona.

Fundi cherehani,
Kamenge, Bujumbura