Vumbi la Breki na Deni la Miaka 75

Daladala inaposimama ghafla Darajani na abiria wakashuka salama, ni wachache wanaojiuliza breki zile zimetengenezwa kwa kitu gani, na ni nani aliyelipia usalama huo.

Mnamo mwaka 1897, huko Derbyshire, Uingereza, Herbert Frood aliwaona wakulima wakipunguza mwendo wa mikokoteni mteremkoni kwa kufunga viatu vikuukuu kwenye breki za mbao. Alitafuta njia bora zaidi, na jitihada zake zikazaa kampuni ya Ferodo. Baadaye ikapatikana malighafi iliyostahimili joto la msuguano, nayo ni asbesto. Katika miaka ya 1920 Ferodo ikaingia mikononi mwa Turner & Newall, miamba wa biashara ya asbesto.

Mwaka 1924, Nellie Kershaw, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kundi hilo hilo mjini Rochdale, alifariki akiwa na umri wa miaka 33, mapafu yake yakiwa yameharibiwa na vumbi la asbesto. Madaktari waliandika juu ya kifo chake. Hata hivyo, Uingereza haikupiga marufuku asbesto ya kila aina hadi mwaka 1999. Mwaka 1998 kampuni ya Kimarekani ya Federal-Mogul iliinunua biashara hiyo. Mwaka 2001 ikakimbilia ulinzi wa sheria ya ufilisi, ikielemewa na madai ya waathirika.

Ndugu msomaji, kilichokosekana katika miaka hiyo 75 si elimu. Waliojua walikuwa na faida ya kulinda, na waliokufa hawakuwa na sauti.

Hapa Unguja, magari yaliyotumika hushushwa bandarini Malindi, na pedi za breki hununuliwa kwa kutazama boksi na bei. Kijana wa gereji hufungua gurudumu, akapuliza vumbi bila barakoa. Ikiwa vumbi hilo lina asbesto, maradhi yanaweza kujificha miaka 20 hadi 40, wakati ambapo muuzaji na mwagizaji hawatajulikana walipo.

Tunayo Taasisi ya Viwango Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Iwatake waagizaji wathibitishe kwa vipimo kwamba pedi zao hazina asbesto, na matokeo yatangazwe hadharani. Nao wenye gereji wawape vijana wao barakoa za kuzuia vumbi laini na kitambaa kibichi cha kufutia badala ya kupuliza.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwa asbesto, mjukuu huyo huja babu akiwa hana pumzi ya kumpokea.