Milimita 13 kwa sekunde, ndo fizikia mpya?

 Mlima umejificha siku ya tatu leo na umeme unakuja na kuondoka unavyotaka. Hosteli kumekuwa na ubishi mkali kuliko ule wa Simba na Yanga. Eti vyombo vya angani vinabadilisha mwendo bila sababu kujulikana, kwa hiyo Newton na Einstein wakae pembeni, fizikia mpya imefika. Jamaa yangu anasema ndiyo, tena kwa sauti. Mimi nasema bado, na leo natoa hoja zangu bila kukatizwa, teh teh.

Kwa ambao hawakuwepo: chombo kikitumwa sayari za mbali, mara nyingi hupitishwa kwanza karibu na dunia ili mvuto wake ukisukume. Tarehe 8 Desemba 1990 chombo cha Marekani, Galileo, kilipita hivyo. Wataalamu wa JPL kule California walipopima mawimbi yake ya redio (ni habari ile ile ya honi ya basi linalopita kasi, sauti inabadilika) wakakuta kimeongeza milimita 3.92 kwa sekunde kuliko hesabu zilivyosema. Januari 1998 NEAR akaongeza milimita 13.46. Rosetta wa Ulaya, mwaka 2005, milimita 1.8.

Najua mnacheka. Kwa milimita 13 kwa sekunde, kutembea kilomita 5 kungekuchukua zaidi ya siku nne. Lakini kosa la vipimo vya NEAR lilikadiriwa kuwa kama sehemu ya mia moja ya milimita tu. Hiyo 13 si ya kupuuza hata kidogo.

Mwaka 2008 John Anderson na wenzake wakatoa kanuni iliyofunga hesabu vizuri: badiliko linategemea dunia inavyozunguka, na pembe ambazo chombo kinaingia na kutoka ukilinganisha na ikweta. MESSENGER alikuwa ameingia na kutoka kwa pembe karibu sawa mwaka 2005, na kweli hakuonyesha kitu. Hapo ndo jamaa yangu husimama juu ya kitanda.

Ashuke. Rosetta alipita tena 2007 na 2009, kimya. Oktoba 2013 akapita Juno, ambaye kwa kanuni ile alitakiwa aonyeshe milimita kadhaa. Sifuri. Sheria ya maumbile haifanyi kazi kwa zamu kama mlinzi wa geti.

Halafu kuna ndugu zao, Pioneer 10 na 11, walioondoka 1972 na 1973. Hao walikuwa wanapunguza mwendo kidogo mno, kama sentimita 2.8 kwa sekunde kwa mwaka mzima. Watu wameandika nadharia mpya za mvuto mpaka basi. Mwaka 2012 kundi la Slava Turyshev likaonyesha kwamba ni joto la chombo chenyewe, la plutoniamu na mitambo ya umeme, lilikuwa linatoka zaidi upande mmoja na kukisukuma kinyume. Joto tu! Na walilijua kwa sababu kuna watu waliokuwa wametunza kanda za data za zamani ambazo wengine wangezitupa.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Mi siamini milimita za Galileo na NEAR ni fizikia mpya, ingawa sababu yake haijapatikana. Ila nawaheshimu sana waliozichapisha. Sisi huku tungefanyaje? Tuseme ukweli jamani, kwenye praktiko ya pendulamu nusu ya darasa hupika data. Unapata g yako, haifanani na 9.81 ya kitabuni, unafuta kwa raba, unaanza kurudi nyuma kutoka kwenye jibu. Tena ndo tunaosomea ualimu!

Na hiyo 9.81 siyo hata ya kwetu. Tuko karibu na ikweta na tuko juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo g ya Moshi ni kama 9.78, na kileleni Uhuru, mita 5,895, ni pungufu zaidi. Anayepata 9.78 akaisahihisha iwe 9.81 amefuta umbo na mzunguko wa dunia kwenye karatasi yake. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer aliona saa yake ya pendulamu inachelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku kule Cayenne, karibu na ikweta kama sisi. Hakupika. Newton akaja kuitumia habari hiyo kueleza kwamba dunia imevimba katikati.

Mfano wa nyumbani ni Erasto Mpemba. Alipokuwa sekondari Magamba, mwaka 1963, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa, akachekwa darasani. Akaendelea kuuliza hadi akamfikia Denis Osborne wa Chuo Kikuu Dar, aliyekubali kupima. Makala yao ilitoka 1969, Mpemba akiwa anasoma Mweka, hapo juu tu kwetu! Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza wakapima upya na kutilia shaka kama jambo lenyewe lipo, wakaonyesha kuwa hata kuhamisha kipimajoto sentimita moja kunaweza kukudanganya. Kwangu hilo halimpunguzii Mpemba chochote. Aliandika alichokiona, na leo bado watu wanabishana juu ya kitu, siyo juu ya hewa.

Jumamosi saa nne asubuhi tunafunga uzi wa mita moja kwenye korido, mizunguko 100, saa mbili tofauti, urefu upimwe hadi milimita. Tofauti ya 9.78 na 9.81 hapo ni kama sekunde 0.3, kwa hiyo wenye mikono ya kutetemeka wabaki kuandika. Raba haziruhusiwi. Jamaa yangu ameshasema atakuja.

Nawakilisha.