Mashine Mpya ya Kufulia: Uimara Haumo Katika Jina la Kampuni

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hekima hiyo ilitosha enzi ambazo mnunuzi aliweza kukigonga chungu kwa kidole na kusikia kama kina ufa. Kwa mashine ya kufulia nguo haitoshi. Nzuri na mbaya zimepangwa dukani bega kwa bega, zote nyeupe, zote zina vitufe vinavyometameta, na ufa wa kila moja umefichwa ndani. Makala haya yanashikilia kwamba katika nchi ya majani chai, yaani Kericho na Bomet, mashine ya kutegemewa si lazima iwe yenye jina kubwa wala ya bei ya juu. Ni ile ambayo mwenye nyumba ameielewa na fundi wa karibu anaweza kuifungua na kuirejesha kazini. Aidha, kuielewa huko ni suala la lugha, na kwa hiyo linawahusu wasomi wa Kiswahili moja kwa moja.

Uzito wa jambo hili unatokana na fedha zinazotumika. Mkulima mdogo wa chai hulipwa kila mwezi kwa kilo alizopeleka kituoni, kisha mara moja kwa mwaka, aghalabu mwezi wa Oktoba, hupokea malipo ya ziada yanayojulikana na wote kama bonasi. Bonasi ndiyo karo, ndiyo mabati, ndiyo deni la Sacco. Ikumbukwe pia kwamba kwa miaka mingi bonasi ya viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa imekuwa chini ya ile ya viwanda vya mashariki. Anayetenga sehemu ya fedha hizo ili kubadilisha mashine iliyochakaa hana nafasi ya pili mpaka Oktoba nyingine. Mashine mpya ikifa mwezi wa Februari, mzigo haumrudii aliyetia saini risiti. Humrudia mama au binti anayeinamia karai, mikono ikiganda kwa maji ya baridi.

Neno "mashine" lina uchungu wake katika eneo hili. Mnamo Mei 2023, mashine za kuchumia chai zilichomwa moto Kericho wakati wa maandamano ya watu waliolalamikia kupokonywa ajira. Mashine ya kufulia ni ya namna nyingine. Ijapokuwa inaweza kumpunguzia kibarua yule anayeitwa "mama fua", katika nyumba nyingi huondoa kazi ambayo haikuwahi kulipwa hata senti. Ndiyo maana kuharibika kwake kunauma.

Hatua ya kwanza katika kuchagua mashine mpya ni kuihoji ile ya zamani. Imekufa kwa ugonjwa gani? Ikiwa inanguruma kama kinu inapokamua, huenda beringi zimelika. Ikiwa imezimika siku ya radi, huenda bodi ya kielektroniki imeungua. Ikiwa haitoi maji, yamkini pampu imezibwa na tope jekundu la mashambani, na dawa yake ni kuisafisha tu. Mnunuzi asiyeuliza swali hili huenda akanunua ugonjwa ule ule katika mwili mpya, au akatupa mashine iliyohitaji ukanda wa mpira tu.

Hatua ya pili ni kuyatazama maji. Kericho hubarikiwa mvua karibu mwaka mzima, na nyumba nyingi huvuna maji ya paa katika tangi lililosimama chini. Hata hivyo, mashine inayojijazia maji haitosheki na wingi wa maji. Inataka msukumo. Nyingi huhitaji msukumo unaotokana na tangi lililoinuliwa mita 3 hadi 5 au zaidi juu ya mashine. Pasipo mnara wa tangi wala pampu, mashine ya bei ghali yenye mlango wa mbele itasimama ikisubiri maji yasiyofika. Katika nyumba kama hiyo, ile ya matangi mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia, inayoweza kujazwa kwa ndoo, ndiyo ya kutegemewa, hata kama majirani wataiona duni.

Hatua ya tatu ni umeme. Nyaya zinazopita juu ya vilima vya Litein, Sotik au Silibwet hukumbwa na radi na kukatika mara kwa mara, na umeme unaporejea huweza kuja kwa kishindo. Kadiri mashine ilivyo na bodi nyingi za kielektroniki, ndivyo ilivyo na mengi ya kuungua. Kifaa cha kuilinda dhidi ya umeme unaopanda na kushuka kihesabiwe kuwa sehemu ya bei.

Hatua ya nne ni baridi. Pale ambapo nguo hukaa kambani siku mbili bila kukauka, nguvu ya kukamua ina thamani kuliko wingi wa programu. Kilo 5 za nguo za pamba zikikamuliwa kwa mizunguko 800 kwa dakika hubaki na takriban kilo tatu na nusu za maji. Kwa mizunguko 1400 hubaki na takriban mbili na nusu. Kilo moja hiyo ya maji ndiyo tofauti kati ya sare ya shule iliyokauka na mtoto anayeondoka nyumbani na sweta bichi. Vilevile, kilo zinazotajwa kwenye mlango wa mashine ni za nguo kavu, hivyo blanketi zito la nyanda za juu halipimwi kwa macho.

Hatua ya tano, iliyo kuu, ni ukarabati. Mashine nyingi za siku hizi zenye mlango wa mbele zina tangi la plastiki lililounganishwa kwa moto kiasi kwamba beringi ikilika, fundi hana budi kubadilisha tangi zima. Kifaa kidogo hugeuka kuwa hukumu ya kifo. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika Machi 2021 zinawataka watengenezaji wahakikishe kuwa vipuri vya mashine hizi vinapatikana kwa angalau miaka 10 baada ya mashine ya mwisho ya aina hiyo kuingizwa sokoni. Mwaka huo huo Ufaransa ilianza kudai mashine za mlango wa mbele ziuzwe zikiwa na alama inayoonyesha zinavyokarabatika. Mnunuzi wa Bomet hana alama hiyo, lakini ana ulimi. Kabla hajatoa fedha, amuulize fundi wa mjini kwake: ni aina gani unazifungua kila wiki? Vipuri vyake unavipata wapi, na kwa siku ngapi? Jibu la fundi huyo lina uzito kuliko tangazo lolote.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Mnunuzi hufungua sanduku akakuta kijitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza, pengine pia kwa Kifaransa na Kiarabu. Hati ya dhamana nayo ina vifungu vidogo kuhusu umeme, maji na fundi asiyeidhinishwa, ambavyo asipovielewa hana dhamana. Ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe ni lugha. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa hiyo. Kifungu cha 7 kinatamka kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Vifungu hivyo viwili vikisomwa pamoja, maana yake haihitaji ufafanuzi mrefu: habari isiyoeleweka si habari.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kazi hii. Dai hilo halina mashiko. Kufua, kuloweka, kusuuza, kukamua na kuanika ni maneno yaliyokuwapo kabla ya umeme kufika, na kila moja linalingana na hatua ya mashine. Lugha yenyewe hutenganisha kufua nguo na kuosha vyombo, ilhali tafsiri za haraka haraka huandika "mashine ya kuosha" na kumwacha msomaji akiwazia sahani. Wengine watasema kuwa wanunuzi wamesoma, Kiingereza wanakijua. Lakini anayeibonyeza mashine kila Jumamosi si lazima awe yule aliyesoma, na mazungumzo yake na fundi hufanyika kwa Kiswahili au Kipsigis. Kijitabu pekee ndicho kisichoshiriki mazungumzo hayo.

Kwa kutamatisha, yafaa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili viitoe taaluma yao darasani. Wanafunzi wa Kabianga na wa vyuo jirani wanaweza kukaa na mafundi wa Kericho na Bomet, wakusanye istilahi wanazozitumia, kisha waandae karatasi moja ya maswali ambayo mnunuzi ataingia nayo dukani msimu wa bonasi: maji, umeme, ukamuaji, vipuri, dhamana. Kazi hiyo haihitaji mkutano wa kimataifa. Ikifanywa, mkulima atatoka dukani na mashine anayoijua kwa jina na kwa tabia, na kuna mikono ambayo haitarudi karaini mwezi wa Februari.