Kabla ya Kusafirisha Mashine, Tupeleke Karatasi

Leo sigusi siasa, sigusi visa, wala ule mjadala usiokwisha wa nani arudi nyumbani na nani abaki. Leo naomba tuzungumze habari ya bomba la chuma. Tafadhali msifungue ukurasa mwingine, maana jambo hili linahusu pia mifuko yetu.

Kila tukikutana wanafunzi wa kwetu huku majuu, hazikosi kuzuka fikra zilezile: tuchangishane, tununue mashine ya kisasa, tuitie kwenye kontena, tuipeleke karakana ya vijana au chuo cha ufundi nyumbani. Nia ni njema kabisa. Ila mimi, kama mtu wa uhandisi, nina hoja moja. Kwa kazi ya kuunganisha mabomba, ambayo ndiyo mkate wa mafundi wengi wa kwetu, mashine ni kitu cha mwisho kupeleka. Kinachotangulia ni kipimo, na kipimo chenyewe kinaingia kwenye bahasha.

Hebu tuelewane kwanza. Ukitaka kuchomelea bomba moja juu ya ubavu wa jingine, huwezi kulikata moja kwa moja kama soseji. Ncha iliyokatwa wima itagusa mgongo wa bomba la pili sehemu mbili tu, na pembeni utabaki uwazi mkubwa. Lazima ncha ichongwe iwe na bonde linalokumbatia mduara wa mwenzake. Ukiitazama imefanana na mdomo wa samaki aliyepanua kinywa, na mimi nitaiita hivyo hivyo, mdomo wa samaki.

Sasa nenda Gerezani pale Dar, Kamukunji Nairobi au Katwe Kampala. Utawaona mafundi hodari wanaokata mdomo huu kwa jicho na grenda, na ukikaa vizuri unashangaa. Lakini utaona na njia za mkato. Mmoja anaibamiza ncha ya bomba kwa nyundo hadi ilale bapa, kisha anachomelea. Mwingine anaacha uwazi, anauziba kwa vipande vya nondo au fimbo za weldi, anarundika weldi juu, anapiga rangi. Kwa nje inapendeza, imenona. Kwa ndani weldi imeshika rangi na kutu.

Tusiwacheke. Mteja anataka geti kesho na bei anavutana kama nyanya sokoni. Na kwa geti, kusema kweli, hakuna atakayekufa. Shida inakuja pale bomba lilelile linapokuwa kiti cha magurudumu, baiskeli ya matairi matatu ya mlemavu, keria ya bodaboda au tela la kubebea maji. Hapo kiungo kinatikiswa kila siku kwenye makorongo. Ufa unaanzia palepale penye uwazi, na siku ukikamilika aliyekaa juu ndiye anayeanguka. Huo ndio uzito wa jambo lenyewe.

Je, mdomo mzuri unahitaji mashine ya maelfu ya pauni? Hapana. Unahitaji karatasi, penseli na hesabu ya kidato cha tatu.

Chukua bomba la kipenyo cha nje milimita 25, unene wa ukuta 1.5, likae wima juu ya jingine la ukubwa uleule. Mzingo wake ni 25 mara 3.14, yaani milimita 78.5. Kata karatasi ya urefu huo, igawe sehemu 12 sawa, kila moja 6.5 na ushee. Piga mstari wa msingi, halafu juu ya kila alama weka nukta kwa urefu huu: 0, 1.3, 4.4, 6.6, 4.4, 1.3, kisha urudi 0 na urudie hivyohivyo hadi mwisho. Unganisha nukta kwa mkono uliotulia. Sifuri ni vina vya mabonde mawili, 6.6 ni ncha za masikio mawili. Zungushia karatasi kwenye bomba, fuata mstari kwa chaki ya chuma au msumari, kata.

Namba hizo nimezitoa kwa kipenyo cha ndani cha bomba linalokatwa, na si kwa kubahatisha. Ukichora kwa kipenyo cha nje, ukingo wa ndani utakwama kabla mabomba hayajakutana, na utalazimika kuuchonga masikio hadi yawe makali kama wembe. Ukichora kwa kipenyo cha ndani, ukingo wa ndani unakaa sawasawa na nje panabaki mfereji mdogo, ambao ndio nafasi ya weldi.

Kukata kwenyewe hakuna miujiza. Weka bomba kwenye jiliwa, piga mikato miwili ya msumeno wa chuma, upande huu na upande huu, kwa mlalo wa nyuzi 28 hadi 30 hivi. Kinachobaki kimalizie kwa tupa ya nusu duara. Mwenye grenda atakuwa amemaliza kabla chai haijapoa, ila avae miwani, jamani, jicho halina spea. Kisha kalisha mdomo juu ya mwenzake, uinue kwenye mwanga. Uwazi ukizidi unene wa ukuta wa bomba, rudi kwenye jiliwa. Kwa bomba jembamba la milimita 1.2 ukilazimisha kuziba uwazi kwa weldi ya fimbo utatoboa tu, kisha unaanza kuziba matundu uliyoyatoboa mwenyewe.

Kuna jambo jingine dogo linalowatesa wengi: bomba lenye mdomo ncha zote mbili. Mdomo mmoja ukijizungusha kidogo kuliko mwingine, fremu nzima inapinda. Dawa yake ni kipande cha engo. Kilaze juu ya bomba, chenyewe kinajinyoosha kufuata urefu wake, chora mstari kwenye ukingo, na karatasi zote mbili zianzie kwenye mstari huo. Basi, umeshinda.

Najua kuna atakayesema: ndugu yetu anataka mafundi wabaki na tupa milele. Sivyo. Kuna kifaa rahisi kinachoshika bomba kwa pembe unayotaka na kulisukumia msumeno wa kikombe unaofungwa kwenye drili. Huku kinapatikana chini ya pauni mia moja. Karakana inayorudia kiungo kilekile mara mia kwa mwezi, kifaa hicho kitailipa. Lakini kikombe kinakula meno, hasa kwenye bomba jembamba na drili ikienda kasi bila mafuta. Meno yakiisha na duka la karibu halina saizi ile, kifaa kinageuka kuwa pambo. Zile mashine kubwa za kuchonga kwa visu ni hadithi nyingine: bei yake maelfu, uzito wake wa kuinuliwa na watu wanne, na nyingi zinataka umeme wa fezi tatu ambao karakana nyingi ndogo hazina.

Halafu kuna mtego wa saizi, na huu wasomi ndio tunaunasa upesi. Nyumbani fundi akisema bomba la inchi moja anaweza kumaanisha vitu viwili. Bomba la fanicha la inchi moja hupimwa nje, ni milimita 25.4. Bomba la maji la inchi moja huitwa hivyo kwa tundu lake la ndani, nje ni milimita 33.7. Ukinunua vikombe hapa kwa kusoma orodha ya simu tu, utapeleka boksi la vikombe visivyolingana na bomba lolote la kule. Na hilo la maji limepakwa zinki: likwanguliwe kwanza pale pa kuchomelea, maana moshi wake unaleta homa ya kutetemeka usiku.

Walioweza kusaidia karakana ndogo duniani walianzia kwenye bomba linalopatikana palepale. Mhandisi Mmarekani Ralf Hotchkiss, ambaye ajali ya pikipiki ya mwaka 1966 ilimfanya mwenyewe atumie kiti cha magurudumu, mwaka 1980 alikwenda Nikaragua akafanya kazi na vijana walemavu wa huko. Kilichotoka ni kiti kilichoitwa Whirlwind, kilichobuniwa kitengenezwe kwenye karakana ndogo kwa vifaa vya kawaida. Amos Winter wa MIT naye alikwenda Tanzania mwaka 2005 kuangalia hali ya viti hivyo, na kiti cha wenzo alichokuja kubuni kinatumia vipuri vya baiskeli, vile ambavyo fundi wa kijijini anavijua. Wote wawili waliuliza kwanza kilichopo.

Basi pendekezo langu ni hili. Tukichanga, fedha ya kwanza inunue venia kalipa, jiliwa imara, tupa za nusu duara za saizi mbili tatu, na miwani ya kutosha. Sisi wa uhandisi tuchore violezo kwa saizi zinazouzwa madukani kule, baada ya kumwomba fundi apime na kututumia vipimo kwa simu. Vichapwe kwenye karatasi ngumu au vikatwe kwenye bati laini, vitundikwe ukutani, maelezo yakiwa kwa Kiswahili. Kifaa cha kikombe kifuate baadaye, karakana yenyewe ikikiomba. Na ukiwa nyumbani likizo, kaa na fundi siku mbili. Utamfundisha hesabu ya karatasi, naye atakufundisha kushika tupa, kitu ambacho digrii yako haikukupa.

Mashine ikiharibika inasubiri vipuri kutoka ng'ambo. Aliyejua kuchora mdomo wa samaki kwenye karatasi hasubiri mtu. Wenye mawazo tofauti karibuni, ukurasa upo wazi.

Naomba kuwasilisha.